Kidole Kidogo cha Mkono wa Kulia

Wanaotangaza simu kwenye video wote wana vidole vya aina moja: laini, vikavu, kucha zimekatwa sawasawa. Kidole kinashushwa polepole juu ya kioo, kioo kinafunguka, na mwenye kidole anashangaa kama aliyefufua maiti. "Haraka ajabu, wapendwa watazamaji!" Anarudia mara kumi ili tuamini. Nimetazama video hizo nyingi, na sijaona hata moja ambayo simu inajaribiwa na mtu aliyetoka kubangua korosho.

Mimi nalima hapa Chiwata, na nikitoka shamba nasoma habari za simu. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nasoma taratibu na kuandika taratibu zaidi, lakini najua simu gani imetoka wiki hii, betri yake ina ukubwa gani, na imepunguziwa nini ili ionekane nyembamba. Simu yangu mwenyewe niliinunua Masasi ikiwa imeshatumika. Ina ufa kwenye kona, na nyuma ina kamera nne. Kamera ya nne ni ya kupigia vitu vya karibu sana, kama mdudu au punje ya mchele. Nani ana haja na picha ya punje ya mchele? Waliiweka ili matundu yatimie manne na bei ipande. Haya niliyaandika kwenye kundi la vijana wa kijiji, kwa sababu mbele ya watu sauti yangu hukauka. Kwenye maandishi mimi ni mkali. Wakanijibu kwamba mimi ni mtaalamu wa simu za watu. Ilikuwa kweli.

Mama hakuwa na habari na mambo hayo. Yeye ana kitochi cha vitufe, kimefungwa kwa mpira wa manati ili betri isidondoke. Hakuna anayeandika habari za simu ya namna hiyo, na mimi pia sikuwahi. Lakini ndani yake ilikuwamo laini ambayo kwetu ilikuwa na thamani kuliko simu zote nilizopata kuzisoma.

Kaka yangu mkubwa alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta kazi, na huu ni mwaka wa tatu. Hana simu. Hupiga kwa simu ya kuazima, mara moja kwa miezi miwili au mitatu, anauliza hali, anasema yeye ni mzima, salio linakata. Ukiipigia ile namba kesho yake anapokea mtu mwingine, anaongea Kireno, anakata. Sisi hatukuwa na njia ya kumtafuta. Yeye ndiye aliyekuwa na njia ya kututafuta, nayo ilikuwa namba moja aliyoikariri kichwani, namba ya mama. Yangu hakuikariri, na hakuwa na kosa. Mimi mpenda teknolojia nilikuwa nikibadilisha laini kila nilipoona ofa mpya ya bando.

Hapa kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Anayebisha hodi asubuhi anamtaja kaka. Anayemwamkia njiani jioni anamtaja kaka. Asingeweza kumsahau hata kama angetaka.

Basi ukaja ujumbe kwenye kitochi, mama akanipa nimsomee. Ulisema laini yake haijahakikiwa kwa alama za vidole, na isipohakikiwa kabla ya mwisho wa mwezi itafungwa. Ulimalizia kwa kumshukuru kwa kuwa mteja wao mpendwa.

"Wananipenda halafu wananifungia?" mama akauliza.

"Ni kuweka kidole tu, mama. Dakika moja." Nililisema hilo kwa sauti ileile ya wale wa kwenye video. Nikilikumbuka nasikia aibu.

Tulishuka Masasi. Karibu na stendi alikuwapo wakala, kijana wa rika langu, chini ya mwavuli, fulana imeandikwa mbele na nyuma. Mashine yake ya kusoma vidole, iliyounganishwa na simu yake ya kazi, ilikuwa imefungwa gundi ya karatasi ubavuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Dole gumba hapo."

Mama akaweka. Taa nyekundu. Akaweka tena. Nyekundu. "Futa kidole, mama." Akafuta kwenye khanga. Nyekundu. Kikaja kidole cha shahada, kikaja cha mkono wa pili. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna.

"Mama, vidole umevipeleka wapi?" wakala akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni. "Umeviuza?"

Watu wakacheka. Mama akatazama kifuko cha korosho kilichofunguliwa pale mezani kwa wakala.

"Nimekubangulia hizo unazotafuna," akasema.

Wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka kijana, naye akakisukuma kile kifuko nyuma ya mashine.

Ni kweli vidole vilikuwa vimeishia kwenye korosho. Kaka alipoondoka, mama alianza kubangua nyumbani kila siku na kuziuza stendi kwa vifuko. Unazikaanga korosho, unaishika moja kwa vidole vya kushoto juu ya jiwe, unaigonga kwa kigongo, unachomoa kiini. Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi kama tindikali. Mama hujipaka majivu, lakini majivu si glavu. Alama za vidole vyake vyote kumi zilichukuliwa kwa ajili ya kitambulisho cha taifa kabla ya kazi hiyo, wakati bado anazo. Sasa ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi na nyororo, hazina mstari hata mmoja, kama kioo cha simu mpya kabla hakijaguswa.

Nilimuuliza wakala kama laini inaweza kuandikwa kwa jina langu. Alinirudisha mara tatu, "Sema kwa sauti," ndipo akasikia.

"Inawezekana, kaka. Ila mwenye laini athibitishe kwa kidole kwamba amekubali."

Yaani mtu asiyesomeka kidole alete kidole cha kuthibitisha kwamba kidole chake hakisomeki. Kuna watu walikaa ofisini, wana kiyoyozi, wakalifikiria jambo hili hadi likaisha, wakapeana mikono.

Kabla hatujaondoka wakala akatushauri: mama avipumzishe vidole wiki mbili, avipake mafuta ya nazi, ngozi itarudi.

"Na huyu atakula nini wiki mbili?" mama akaninyooshea mdomo. "Bando?"

Lakini aliacha kubangua wiki nzima. Mama yangu hakuacha kubangua hata alipokuwa na malaria, akitetemeka na kigongo mkononi. Siku ya tatu nilimkuta amekaa na mikono imepakwa mafuta, ameiweka juu ya magoti kama vitu vya mtu mwingine alivyopewa avilinde.

Wiki hiyo mimi nilifanya ninachojua kufanya: nilisoma. Nilisoma, na kwenye video nikaona, kwamba kuna mashine mpya za kusoma vidole, zinazosoma hata kidole chenye maji, hata chenye grisi. Nikaamini. Kisha mmoja akaandika kwenye kundi kwamba Newala kuna wakala ana mashine mpya kabisa. Sikuuliza zaidi. Nilimpandisha mama mlimani hadi Newala kwa sababu ya video.

Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi, mama amejifunika khanga mbili. Wakala alikuwa dada mmoja mpole, ana meza safi, kishikwambi kipya na mashine nyeusi inayong'aa. Nilipoiona niliitambua aina yake na moyo ukafurahi. Mama yangu anasimama pale na vidole vilivyoungua, na mimi nafurahi kuona mashine. Hao ndio sisi wapenda teknolojia.

Dada alijaribu dole gumba mara sita. Alijaribu vidole vya shahada, akavifuta kwa kitambaa chenye spiriti, akavipulizia pumzi yake mwenyewe. Nyekundu, nyekundu. Ilikuwa nyekundu nzuri kuliko ya Masasi, angavu zaidi, hilo nakiri.

"Pole mama. Mashine hii haijawahi kumkataa mtu."

"Basi leo imejifunza," mama akasema. Akaongeza neno la Kimakonde ambalo sitaliandika, na yule dada akainamisha uso akicheka, nikajua ni mtu wa kwetu.

Njiani mama hakunilaumu. Ingekuwa heri angenilaumu. Aliniuliza tu, "Akipiga wakati imefungwa, atasikia nini?"

Nilijua atakachosikia. Kuna sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, anatamka vizuri kama anasoma taarifa ya habari, anasema namba unayopiga haipatikani. Nilimwambia.

"Atapiga tena?"

"Atapiga."

"Na ya pili na ya tatu asikie huyo huyo mwanamke. Atajua nimekufa. Akijua nimekufa, atarudi kufanya nini?"

Hilo halimo kwenye ukurasa wowote wa habari za simu.

Tulipofika nyumbani, mama alinawa, akavuta jiwe lake, akaanza kubangua. Hakukuwa tena na sababu ya kupumzisha vidole. Nilikaa kwenye kizingiti nikimtazama, na ndipo nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekitazama miaka mitatu. Mkono wa kulia ulishika kigongo. Dole gumba na vidole viwili vya jirani yake ndivyo vilivyochomoa viini na kulowa mafuta. Cha nne kiligusa mara mojamoja. Kidole kidogo kilikaa pembeni, kimekumbatia mpini, hakishughuliki na ganda wala kiini.

Nilimwomba mikono. Nikafungua ile kamera ya nne, ya punje ya mchele, nikapiga picha vidole vyote kumi, kimoja kimoja. Kisha nikazikuza picha. Dole gumba lilikuwa kama kitako cha sufuria. Vya shahada vilikuwa na makovu tu. Niliendelea taratibu, kwa sababu mimi kila kitu nakifanya taratibu, hadi kidole kidogo cha kulia. Kilikuwa na mistari. Myembamba, imepauka, lakini ilipinda mmoja baada ya mwingine kama matuta ya mihogo kwenye mteremko. Niliitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama simu yoyote.

"Mama, hiki kinasomeka."

"Hicho? Hicho si cha kuchokonolea sikio?"

Zilibaki siku mbili mwezi uishe. Tukarudi Masasi, kwa kijana yule yule, chini ya mwavuli ule ule. Nilijijua, kwa hiyo usiku nilikuwa nimeandika kwenye karatasi: Tafadhali jaribu kidole kidogo cha mkono wa kulia. Nikampa. Akaisoma kwa sauti, akageukia foleni.

"Jamani, huyu bubu ameleta barua."

Wakacheka. Masikio yangu yakawa moto.

"Si bubu," mama akasema. "Anasubiri wenye akili waongee kwanza. Naona hawajafika."

"Haya mama, dole gumba basi, tusipotezeane muda. Kawaida ni gumba na shahada. Hicho kingine hakimo."

Hapo nikaongea. Sijui sauti ilitoka wapi, lakini ilitoka, na ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Kimo. Shusha huo ukurasa chini. Kuna picha ya mikono miwili. Gusa kidole cha mwisho."

Nilijua kwa sababu nilikuwa nimeona ukurasa kama huo mara nyingi kwenye video za watu wenye vidole visafi. Akashusha. Picha ya mikono miwili ikatokea, vidole kumi, vyote vinangoja. Kijana huyu alikuwa amekaa na programu hiyo tangu aanze kazi, amewarudisha wabanguaji wangapi sijui, na hakuwahi kuushusha ukurasa kwa kidole chake kizima, kinachosomeka.

Mama akaweka kidole kidogo. Nyekundu. Foleni ikaguna. Akaweka tena, nyekundu. Nikamshika mkono, nikaulaza ubavu kidogo, upande ule ambao picha ilionyesha mistari mingi. Taa ikafikiri. Kisha ikawa kijani.

Kitochi kikalia mfukoni mwa mama. Ujumbe ulimpongeza mteja wao mpendwa.

"Mngesema tangu siku ya kwanza," wakala akasema.

Niliichukua karatasi yangu mezani, nikaikunja, nikaondoka nayo.

Kaka alipiga baada ya wiki kama tano. Aliuliza kama mvua zimenyesha. Mama akasema zimenyesha. Akauliza hali, mama akasema sisi wazima, kaka akasema naye mzima, salio likakata. Habari ya kidole hakuambiwa. Mama alikaa na simu sikioni kwa muda hata baada ya kukatika, kisha akaniambia sauti yake imekuwa nzito.

Juzi nimesoma kwamba simu zijazo zitaachana na vidole, zitasoma uso, na wale wa kwenye video wameshaanza kuzigeuzia nyuso zao na kushangaa upya. Washangae. Mimi siku hizi habari hizo nazisoma kama anayesoma tangazo la harusi ya watu asiowajua.

Mama anabangua kama zamani, ila kidole kidogo cha kulia amekizungushia kitambaa kisije kikafutika kama vingine, na anaposhika kigongo anakiinua juu. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye mdomo, akipita uani hawezi kunyamaza. Anamwita kwa jina la kaka, kama wote, na kumuuliza, "Siku hizi unabangua, au unakunywa chai ya ukweni, kidole juu?"

Mama hageuki. Anagonga, anachomoa kiini, anatupa ganda.

"Niache," anasema. "Hiki kina mwenyewe."