Si ya Nguo, Ni ya Amerika

Harufu ya amerikani mpya, ile nguo nyeupe ngumu ambayo haijaguswa na maji, hunisimamisha mlangoni mwa duka katika kila mji ninaopita. Nikiisikia tu niko kijijini kwetu Kashebere tena, nina miaka minane, nimekaa chini ya meza ya cherehani ya Mama nikiokota vipande.

Papa mudogo, mdogo wake baba yangu, alikuwa mwalimu na aliishi kwetu. Padri mmoja aliyehama alimwachia vitabu viwili vya Kifaransa vya historia ya Amerika, naye alivisifia kama akina mama wanavyosifia maharagwe yao sokoni. "Anzia na hii ya watumwa, njo muzuri. Ile ya vita utasoma nyuma." Cha watumwa ndicho kizuri, cha vita baadaye: hata muuza maziwa aliyeshuka kutoka milima ya Masisi, asiyejua herufi hata moja, alipewa ushauri huo. Aliitika kwa heshima, kisha akabeba vibuyu vyake haraka.

Siku niliyoviita "vitabu vya amerikani", Papa mudogo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dada," akasema, kwani ndivyo alivyoniita, "amerikani iko nguo. Amerika iko inchi!"

Sikukosea tena.

Kisha malori ya kutoka Hombo yakaacha kupita. Majani yakaota katikati ya barabara, na watu wakawa wanaongea huku wakitazama nyuma. Ilisemekana kwamba ndege zilizowapiga wapiganaji wa msituni zilitoka Amerika, na kwamba aliyekutwa na kitu cha huko alipelekwa nao kwa njia ya Walikale. Hatukumwona hata mmoja akirudi. Mama alitaka kuvichoma vitabu, Papa mudogo akakataa. Basi Mama akavifunga ndani ya amerikani na kuvificha chini ya vitambaa vyake.

Mchana mmoja wapiganaji watatu waliingia. Mkubwa wao alifungua furushi, akakishika kitabu kichwa chini miguu juu.

"Hii iko kitabu ya nini, Mama?"

"Ya amerikani, Papa. Ya kushona manguo."

Alikuwa tayari anakirudisha.

"Apana, Mama!" nikasema, nikitoka chini ya meza. "Amerikani iko nguo. Hii haiko ya nguo, iko ya Amerika! Anzia na hii ya watumwa, Papa, njo muzuri. Ile ya vita utasoma nyuma."

Mguu wa Mama uliganda juu ya kanyagio la cherehani. Yule mtu aliinama mpaka uso wake ukakaribia wangu.

"Eh, mutoto ya akili! Nani alikufundisha?"

"Papa mudogo. Iko kwa shamba."

Walimleta mikono imefungwa nyuma, udongo wa mihogo bado uko magotini. Mama alinitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake. Papa mudogo akaliona pia. Aliwaomba wasimame kidogo mlangoni, akasema nami, lakini kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Dada, umejibu muzuri. Vile njo nilikufundisha."

Nilifurahi sana. Kwa miaka mingi niliwasimulia wenzangu kwamba maneno yake ya mwisho nyumbani kwetu yalikuwa ya kunisifu mimi. Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba hakuwa akisema nami. Alikuwa na dakika moja tu, na aliitumia kumwomba Mama asinichukie.

Mama alimtii. Hakunilaumu hata siku moja, nami nikadhani amesahau.