Jina Moja kwenye Fomu ya Josette

Zamani, kiwanda cha karatasi kilipokuwa bado kinatoa moshi hapa mjini kwetu Corliss, mtu aliajiriwa kwa jina la baba yake na kwa kutazamwa viganja. Hakuna aliyeuliza rafiki zake wanamwonaje. Siku hizi mtoto akitaka chuo cha maana, haitoshi walimu wamsifu. Kuna vyuo vinavyotaka na mwenzake wa rika amsifu. Sifa zimekuwa bidhaa kama soksi.

Josette Thibeault ana miaka kumi na saba. Mama yake anawaosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Baba yake alihamia Florida, akasahau njia ya kurudi. Tangu ana miaka kumi na miwili anakuja kila Jumamosi kwenye rundo letu nyuma ya kanisa, tunakopasua kuni kwa ajili ya nyumba ambazo baridi imezishinda nguvu. Orodha ya nyumba hizo ninayo mimi, mzee wa rundo. Kuni hupelekwa Jumapili wenye nyumba wakiwa kanisani, zikapangwa barazani, kisha basi: aliyepeleka hasemi, aliyepokea hashukuru. Huku kwetu mtu ataishi na baridi kabla ya kuishi na huruma ya jirani.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba alikuja na macho mekundu, simu mkononi. Fomu ya chuo ilikuwa inafungwa saa kumi na moja jioni, na nafasi moja ilikuwa bado tupu: jina la rafiki atakayemwandikia barua. Rafiki mmoja tu, na barua yenyewe mwombaji haioni.

"Kendra amejitolea," aliniambia. Kendra ni binti wa daktari wa meno. "Ameshaandika, akanisomea. Babu Armand, mimi mwenyewe sikujitambua. Eti nikiingia chumbani nuru inawaka."

"Mama yako atapunguza bili ya umeme."

Hakucheka. "Anajua kuandika. Ila hanijui. Anayenijua ni Wendell."

Wendell Fogg alikuwa hatua ishirini kutoka pale, akipasua gogo gumu lenye mafundo. Wamefanya kazi bega kwa bega miaka mitano. Hapo nikaelewa yale macho. Misimu miwili iliyopita mti ulimwangukia baba yake Wendell mgongoni, na nyumba yao ikaingia kwenye orodha yangu. Anayewapelekea kuni ni Josette. Wendell anajua. Hawajawahi kulitaja.

"Usimwombe," nilisema. "Ataona unadai malipo ya kuni."

"Sidai kitu!"

"Najua. Yeye atasikia hivyo. Mpe Kendra."

Siku nzima hakupasua hata gogo moja sawasawa. Saa kumi na nusu akamwendea, nami sikuziba masikio.

"Wendell, niandikie ile barua ya chuo."

"Mimi? Insha zangu mwalimu anazifungia samaki, wee. Si una Kendra wako?"

"Kendra hanijui."

"Na mimi nakujua kwa lipi?"

Afadhali angeishia hapo. Akasema, "Unajua. Zile Jumapili."

Shoka likabaki limenasa kwenye gogo.

"Kumbe zina bei," Wendell alisema polepole. "Miaka miwili nasubiri kuisikia."

"Sikumaanisha hivyo."

"Unataka niwaambie watu wa chuo kwamba mama yangu alikuwa anachoma viti tupate joto?"

 Josette alitoa simu, akaanza kuandika mbele yake. "Naweka Kendra. Nisamehe. Sikupaswa kusema."

"Ngoja. Kendra ataandika umekosea nini?"

"Nani anaandika makosa?"

"Mwaka jana ulipanga rundo zima gome chini. Nikakwambia litanyonya maji, litaoza, ukanitukana mpaka babu yangu kaburini. Likaoza. Ukalibomoa peke yako siku mbili, na ulivyo na kiburi, hata samahani hukusema. Jumamosi ukaja, ukaanza kupanga gome juu kimya kimya."

"Ndiyo utakayoandika hiyo?"

"Hiyo ndiyo ninayoijua. Ile ya Jumapili siijui."

Zilibaki dakika kumi na mbili. Huku nuru ya Kendra, aliyokwisha kuisikia neno kwa neno. Huku rundo lililooza, kwa mkono wa kijana aliyemuumiza sasa hivi. Alitazama simu mpaka kioo kikazimika, akakiwasha tena. Akafuta jina la Kendra.

"Nipe anwani yako ya baruapepe," alisema.

Wendell akamtajia. Josette akabonyeza kutuma.

Kisha akanigeukia mimi, akitafuta sijui nini. Nilikuwa na jambo moja tu la kumwambia, na sikulipamba: "Nyumba ya akina Fogg nitampa mtu mwingine. Aliyetaja hapeleki tena."

"Naelewa, Babu," alisema, na hapo ndipo alipolia.