Nyumba ya Tate Haikuandikwa Jina

Juma lililopita alipita mtaani kwetu, hapa Kasongo, kijana mwenye kopo la rangi ya buluu. Alikuwa anaandika majina ya nyumba juu ya milango. Kwa jirani yetu muuza mchele alikuwa amekwisha kuandika "Amani", na mbele kidogo, kwa mwalimu, "Dunia Mapito". Alinikuta ninapepeta mchele kwenye lungo, akauliza, "Dada, na hii yenu inaitwa nani?"

Nikainama. Mimi si mtu wa kujibu haraka. Hata shuleni, mwalimu akiniuliza jambo leo, jibu nililipata kesho yake njiani. Yule kijana akangoja kidogo, akacheka, akaenda nyumba ya pili. Mimi nikabaki na swali lake. Pumba ziliruka na upepo, nikazitazama, na pole pole nikajiona niko Kabambare, mtoto tena, kwenye uwanja wa bibi yangu.

Tulimwita Tate, kama watu wa kwetu wanavyomwita bibi. Alikuwa mama wa mama yangu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na paa la nyasi, na kila kiangazi wanawake wa mtaa walikuja kuikandika upya. Ungewasikia kabla hujawaona. Walitoka mtoni na beseni za udongo kichwani, wakiimba na kutukanana kwa mapenzi, na sisi watoto tuliukanyaga ule udongo kwa miguu mpaka ulainike kama unga wa muhogo uliosongwa. Chini walipaka udongo mwekundu, juu mweupe. Nyumba ilipokuwa bado mbichi ilinukia mvua, ingawa mvua ilikuwa mbali sana. Jioni tulikula sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese mengi, tukiwa tumechafuka hadi masikioni, na hakuna aliyetuambia tunawe vizuri.

Nyumba ile haikuwa na jina. Ilikuwa kwa Tate, basi. Mgeni akipotea, aliambiwa afuate harufu ya mawese yanayochemka.

Babu sikumjua. Alikufa kabla sijazaliwa, lakini Tate aliniambia habari zake kama mtu aliyetoka kidogo kwenda shambani. Asubuhi aliniamsha kwa mguu, "Amka, muke mwenzangu! Mume wetu ana njaa." Nikichelewa, aliwaambia majirani, "Mnaona? Ndiyo sababu alinipenda mimi. Huyu mwingine ni mvivu." Majirani walicheka, nami nilificha uso kwenye kitenge chake, nikaona raha. Kumbe hata mtoto mwenye haya anapenda kutaniwa na mtu mmoja anayemwamini.

Kwetu jina la mzee aliyekwenda halitupwi. Linangoja mtoto. Mtoto akipewa, basi huyo ndiye yule mzee, amerudi akiwa mdogo. Mjane wake atamwita mume, wana wake watamwita baba, na hata akivunja chungu watu hutafuta maneno ya heshima ya kumgombeza. Jina la Babu lilikuwa bado linangoja. Mjomba wangu, mtoto wa kiume wa pekee wa Tate, alikuwa na mabinti watupu. Kila mmoja alipozaliwa, alimpa jina la shangazi fulani au la upande wa mke wake, na lile la baba yake akaliweka kando. Wa mwisho alikuwa bado mgongoni, na jina la ukoo hajapewa. Tulimwita Kadogo tu. Mjomba alikuwa akisema hakuna haraka.

Kiangazi kimoja Mjomba alirudi kutoka Lusangi, alikokuwa anachimba dhahabu, akaanza kujenga nyumba ya matofali kwenye uwanja ule ule, ya kukaa sisi sote. Naikumbuka tanuru ya matofali kama ndoto. Iliwaka siku nyingi, moshi wake ukashuka na kulala chini kati ya migomba, na watu walitembea ndani ya moshi bila miguu. Simenti ilitoka Kasongo kwa pikipiki, ikafika imefungwa vizuri kuliko dereva mwenyewe, ambaye alikuwa mwekundu wa vumbi hadi kwenye kope. Mimi nilichota maji na wanawake. Kazi hiyo niliipenda, kwa sababu mtu mwenye ndoo kichwani haulizwi maswali.

Mke wa mjomba ndiye aliyefanya kazi kuliko wote. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kicheko kikubwa, lakini mbele ya jina la Babu alikuwa mdogo. Mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe wake, ni adabu. Sokoni kulikuwa na muuza chumvi mwenye jina kama la Babu, na yeye alimwita "mwenye jina kubwa". Hata kumwita tu hivyo, alishusha macho.

Basi ikafika siku ya kupiga simenti upande wa mbele. Fundi alilainisha sehemu ya juu ya mlango kwa mwiko, akachukua msumari mrefu, akamgeukia Mjomba. Mjomba alikuwa ameona huko Kasongo nyumba zenye majina, na tangu matofali ya kwanza alikuwa anatuambia kwamba yake haitakaa bubu. Akasema kwa sauti ya kufurahi, "Andika jina la papa," yaani baba yake, Babu.

Wanawake wakashangilia. Mke wa mjomba alikuwa anafika na beseni. Akaitua chini.

"Papa ya watoto," akasema, "mutu akiniuliza sokoni ninakaa nyumba gani, nitamwambia nini?"

"Utamwambia jina la nyumba."

"Ile jina mimi siwezi kuitamka. Unajua."

"Utaonyesha na kidole!" akapaza jirani mmoja. "Kama bubu!"

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikafa chenyewe, mmoja mmoja, kwa sababu tuliona yeye hacheki. Alikuwa anafuta mikono yake kwenye kitenge, anafuta, na ilikuwa imekwisha kukauka.

"Unaipa ukuta," akasema pole pole, "sababu tumbo yangu imekuchosha. Leo unamaliza kungoja."

"Mimi sikusema vile."

"Haukusema. Unaandika."

Rafiki yangu, nilikuwa mtoto, lakini hapo nilielewa. Jina likikaa juu ya mlango, kila mtu atakayepita atasoma kwamba mwanamke wa nyumba hii hategemewi tena kuzaa mtoto wa kiume. Na yeye atapita chini yake asubuhi na jioni, akiwa na kuni, akiwa na maji, mpaka azeeke.

Fundi alikuwa bado juu ya ngazi. "Kaka, niandike ao niache? Simenti haingoji maneno ya watu."

Tate alikuwa ameketi kwenye kibao, anachambua majani ya muhogo kwa ajili ya sombe. Akayaweka kwenye lungo, akasimama kwa kushika kiuno, akaja mpaka mbele ya mwanawe.

"Mutoto wangu, umechoka kungoja?"

"Mama, nimengoja. Ni wasichana tu."

"Na mimi niliyekuzaa, ni mbuzi?"

Watu wakacheka tena, safari hii kwa uangalifu. Mjomba akatazama viatu vyake.

"Baba yako," akasema Tate, "ninamjua kukupita. Alipenda kulala mchana. Alipenda karanga mbichi. Alipenda kuimba, na sauti alikuwa hana. Niambie, kati ya hayo, lipi linamshinda msichana?"

Tate akageuka kwa mke wa mjomba, akanyoosha mikono. "Nipe huyu."

Kadogo alifunguliwa kutoka mgongoni akiwa amelala, kichwa kikianguka huku na huku. "Mnaona?" akasema Tate. "Mchana, na amelala." Akaniita nimpe maji. Nilichota kwa kikombe kutoka kwenye ndoo yangu, nikampa. Tate akajaza mdomo, akayapulizia yale maji usoni pa mtoto kama manyunyu, akainama, akamwita jina la Babu sikioni. Mtoto akastuka, akafungua kinywa, akalia kwa sauti mbaya sana.

"Ndiye," akasema Tate. "Alikuwa hivyo hivyo nikimwamsha."

Mke wa mjomba akapiga magoti kwenye vumbi. Kwetu mke humsalimu baba wa mume wake hivyo, magotini, na kupiga makofi kidogo. Akapiga makofi mbele ya kile kitoto kilicholowa. "Jambo, baba mkwe," akasema, lakini neno la mwisho halikutoka lote. Alikuwa anacheka, na machozi yanamshuka, na pua pia. Vigelegele vikapasuka hata kuku wakakimbilia nyuma ya jiko.

"Na huku juu?" akauliza fundi. Maskini, alikuwa bado na msumari.

Mjomba alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, akakuna kichwa. Kisha nikamwona anaanza kutabasamu, kama mtu aliyeshindwa mchezo mzuri. "Papa yuko hapa," akasema. "Mimi siwezi kuamua mbele yake. Muulize mwenyewe."

"Mzee anasemaje?" fundi akauliza kutoka ngazini.

Tate akamtazama Kadogo, aliyekwisha kunyamaza mikononi mwake. "Mzee amerudi kulala."

Basi fundi akatia msumari mfukoni, akapitisha mwiko juu ya mlango mara nyingine, na simenti ikakauka laini, bila neno.

Baada ya siku ile tuliishi na mzee aliyetambaa. Tate aligawana naye karanga, akinilalamikia, "Muke mwenzangu, mume wetu hana meno, umtafunie." Mke wa mjomba alimpa uji kwa mikono miwili. Ungemsikia toka barabarani, "Jamani, baba mkwe amekojoa!", na wapita njia wasiotujua walisimama kushangaa. Alipoanza kusema, yule mtoto alijua nguvu zake. Mjomba alikuwa mkali na sisi sote, lakini akipandisha sauti, Kadogo alimwonyesha kigoda: "Kaa chini." Na Mjomba alikaa. Baadaye mke wa mjomba alizaa mtoto wa kiume. Tulifurahi, tukala wali na kuku, akapewa jina la mtu wa upande wa mama yake. Hakuna aliyesema amechelewa.

Nilirudi Kabambare kiangazi kilichopita, kwa pikipiki, njia ikiwa mbaya kuliko zamani. Tate amekwenda. Nyumba yake ya udongo ilinyeshewa bila mtu wa kuikandika, ikarudi ardhini, na juu yake pameota maboga. Mjomba yuko tena machimboni, na siku hizi haleti habari nyingi. Nyumba ya matofali ipo, mabati yake yamekuwa rangi ya majani makavu. Ni nyumba nzuri, imara, sitaisema vibaya. Ila haihitaji mtu. Kiangazi kinafika, na hakuna wanawake wanaotoka mtoni na beseni, hakuna watoto wa kukanyaga udongo, hakuna matusi ya mapenzi. Kila mmoja yuko kwake, nyuma ya ukuta usioharibika. Nilikaa kwenye kizingiti nikingoja harufu ile ya udongo mbichi, kama mtu anayengoja mgeni ambaye hakuahidi kuja.

Na Kadogo? Ni msichana mkubwa sasa, anakaa nasi hapa Kasongo kwa ajili ya shule. Shuleni anaitwa kwa jina lake la Kifaransa. La Babu haliandiki kwenye madaftari yake, na rafiki zake wakija ananitazama kwa macho ya kuniomba nisimwite nalo. Mimi simlaumu. Najua haya ni nini.

Lakini jana jioni mama yake alipiga simu. Mtandao wa Kabambare huja na kwenda, kwa hiyo yeye hupiga kelele tangu neno la kwanza. "Nipe baba mkwe! Baba mkwe yuko wapi?" Wasichana waliokuwa mkekani wakiandika kazi ya shule wakainua vichwa, wakacheka. Kadogo akaninyang'anya simu, akatoka mbio nyuma ya jiko.

Punde nami nilitoka kwa mlango wa jiko kumwaga jivu, akawa hajaniona. Alisimama akiwa ameegemea ukuta, amefunika mdomo kwa mkono ili wenzake wasisikie. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaishusha sauti, akaifanya nzito na ya polepole, sauti ambayo si yake na ambayo mimi sikuwahi kuisikia.

"Eeh, mwanangu," akasema. "Nimekusikia. Usilie sasa. Niambie, huko nyumbani mumekula nini leo?"