Nusu Sadolini ya Pumba

Jumuiya yote ya chuo inataarifiwa kwamba farasi wa chuo, Jemedari, yu katika afya njema na ataongoza maandamano ya mahafali kama ilivyo desturi. Ndivyo ulivyosema waraka uliobandikwa kwenye mlango wa banda lake, pembeni mwa Ipagala, ukiwa na mihuri miwili. Desturi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Farasi aliachwa na mgeni aliyefunga hoteli yake akarudi kwao, na chuo kikampokea kabla ya kujua anakula nini.

Anakula nini alijua Yotham. Alizaliwa Gulwe, akachunga ng'ombe wa baba yake hadi mvi zilipoanza, kisha akaajiriwa kumtunza mnyama ambaye hakuwa amewahi kumgusa. Kuhusu hiyo afya njema hakuulizwa. Angeulizwa angesema kwamba tangu Julai Jemedari anatafuna majani, anaacha katikati, anatokwa na mate, na mbavu zake zinahesabika kutoka barabarani.

Kwanza walilaumu meno, yakachongwa. Wakalaumu minyoo, akapewa dawa mara mbili. Wakalaumu vidonda vya tumbo. Mwishowe alikuja daktari wa mifugo kutoka Morogoro, Elieth, na mrija wenye kamera, mrefu wa mita tatu, aliouazima kwa siku mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari."

"Leo saa nane mchana chakula kiishe. Kesho saa mbili asubuhi nataka tumbo tupu. Farasi hatapiki, kilichoingia kimeingia."

Yotham aliitikia. Ernest, afisa utawala, aliitikia kwa sauti zaidi.

Asubuhi Jemedari alichomwa sindano ya kumtuliza, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hotuba. Mrija ukapita puani, ukashuka kooni, ukafika. Kwenye kioo kidogo ikaonekana rojo ya kahawia, imefunika kila kitu. Elieth aliitazama muda mrefu.

"Aliacha kula saa ngapi?"

"Saa nane mchana," alijibu Ernest, ambaye saa nane mchana alikuwa kwenye kikao.

"Basi ni vibaya. Saa kumi na nane zimepita na chakula bado kimo. Njia ya kutokea imeziba. Jana nilipoingiza mkono kwa nyuma nilihisi manundu. Kwa hali hii simtesi, namchoma sindano ya mwisho leo leo."

Yotham alikuwa ameshika kamba. Aliitazama kamba.

"Daktari, ni mimi."

"Wewe nini, mzee?"

"Nilimpa pumba za uwele. Alfajiri. Nusu sadolini, hili kopo la rangi, nimelowesha."

"Mzee Yotham!" Ernest alipaza sauti. "Si uliambiwa mbele yangu?"

"Niliambiwa farasi ataangaliwa. Kwetu mnyama wa kuangaliwa huwezi kumpeleka mnadani tumbo limeingia mgongoni. Unamshibisha, unamnywesha. Watu wakiona tumbo tupu wanasema mgonjwa, basi, biashara imekwisha."

"Huu ni mnada?"

"Na alikula," Yotham aliongeza, akimwambia daktari. "Mkononi mwangu. Wiki nzima hakuwa amekula hivyo."

Elieth aliuvuta mrija taratibu, akaufuta.

"Mzee, mimi namwangalia kwa ndani."

"Nimeona sasa."

"Kesho tunarudia. Saa mbili ile ile. Mrija lazima uondoke kesho mchana."

Siku hiyo Yotham aliosha hori, akalifunika kwa gunia, akaketi juu yake. Yeye mwenyewe hakula. Hakuna aliyemwambia asile, na alipoulizwa na mpishi wa chuo alisema amesahau.

Kesho yake tumbo lilikuwa tupu. Ukuta wake ulionekana wote, na pale juu, karibu na umio unapoingilia, kulikuwa na uvimbe kama kabichi iliyochanika, unatoa damu kila mrija ulipougusa. Elieth aliingiza koleo dogo ndani ya mrija, akanyofoa vipande sita, akavitia kwenye kichupa.

"Hiyo ndiyo?" aliuliza Yotham.

"Vipande vinakwenda maabara kuthibitisha. Lakini nimeona. Ni saratani, na imeshasambaa tumboni."

"Jana ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, mzee. Ilikuwa chini ya pumba zako."

Yotham aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda mahali asikokusudia kwenda.

Walingoja dawa ya kumtuliza iishe nguvu. Elieth alisema sasa anaweza kupewa chochote anachotaka. Yotham alichota pumba za uwele, nusu sadolini, akalowesha, akaweka kiganjani. Jemedari alinusa, akapumua juu yake, akageuza shingo. Yotham aliendelea kunyoosha mkono hadi maji yakamchuruzika kiwikoni. Kisha akamwaga pumba chini, akashika kamba, na Elieth akachoma sindano ya mwisho.

Majibu ya maabara yalikuja siku ya tisa, yakasema alichosema Elieth.

Mahafali yalifanyika Jumamosi iliyofuata. Waraka ulikuwa bado mlangoni, na maandamano yaliongozwa na pikipiki ya Ernest.