Shimo la Tatu

Hebu mwone Sayi akishuka kilima cha Msanzi kuja kwa Eustaki, saa nne ya asubuhi, baiskeli anaikokota. Msukuma huyu salamu zake hutangulia hata kabla hajafika uani. Leo kimya. Mkononi ana kitambaa alichokikunja, na kitambaa kina damu iliyokauka.

Eustaki alikuwa uani, kwenye mafiga, akiyeyusha risasi aliyoitoa kwenye betri kuukuu. Enzi za ushirika betri zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Tangu biashara ifunguliwe na malori ya watu binafsi yaanze kupanda huku, mbovu zimezagaa, na kazi aliyorithi kwa baba yake, ya kusubu risasi iliyoyeyushwa iwe gololi za magobore, ikapata uhai.

Ufundi wenyewe uko kwenye jiwe. Magobore ya huku hutengenezwa kwa mabomba ya kuokota, hakuna mtutu unaolingana na mwenzake. Kwa hiyo kalibu ya Eustaki, jiwe lililopasuliwa vipande viwili, lina mashimo matano, kila gobore na shimo lake. Akishakunywa pombe ya ulezi, alipenda kujigamba kilabuni, "Mashimo yangu ni matano. Nileteeni gololi hata gizani, nitawaambia ya nani." Siku moja Sayi alikuwapo, akacheka pamoja na wengine.

"Shikamoo, fundi," Sayi akasema mwishowe.

"Marahaba. Ng'ombe hawajambo?"

"Wazima, kasoro mmoja. Maksai wangu karudi jana na tundu ubavuni. Alfajiri kafa."

Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na gololi ambayo haikugonga mfupa. Ilikuwa mviringo vilevile ilivyotoka kwenye jiwe.

Eustaki alihisi mikono inampoa, na moto uko mbele yake. Unene ule aliusubu Jumamosi, gololi sita, za Marselino, kaka wa mkewe, aliyekaa kwenye kigoda hapo uani akilalamikia mahindi yake yaliyoliwa na ng'ombe. Moja ndiyo hii. Tano Marselino bado anazo.

Mlangoni mkewe, Otilia, aliacha kupepeta ulezi. "Karibu kiti, ndugu Sayi. Unywe togwa kwanza."

"Nitakunywa, mama. Fundi anipimie kwanza." Kisha akageuka. "Maksai kafa, basi. Lakini anayewachunga ni binti yangu, na alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Vijana wetu wako darajani wananisubiri nirudi na jina. Nimewaambia watulie, fundi hadanganyi."

Eustaki akilitaja jina, nyumba ya shemeji yake haifiki jua la utosi. Akilificha, zile tano zitatafuta nani? Akaitazama sufuria inayochemka. Gololi ikidondoka mle, hakuna atakayeijua tena. Lakini macho ya Sayi hayakutoka kwenye vidole vyake.

Akachukua nusu ya jiwe, akaiweka gololi kwenye shimo la kwanza. Ikachezacheza. La pili, ikakwama ukingoni. Akaruka moja, akajaribu la nne, kisha la tano. Kote ilipwaya.

"Si ya kwangu hii," akasema, na sauti yake ikamtoka kavu kama makapi. "Labda imetoka huko Mwimbi."

"Labda," Sayi akaitikia taratibu. "Ila kilabuni ulituambia mashimo matano. Mimi nimeona manne. Au gizani ndiko unakoona vizuri kuliko mchana?"

Kidole gumba cha Eustaki kilikuwa kimelifunika shimo la tatu. Otilia naye alikuwa anakitazama kidole hichohicho, ungo kifuani, kwa kuwa shimo lile analijua ni la nani.

"Toa kidole, fundi," Sayi akasema.

Nawe uliyekaa nami mpaka hapa, ungekuwa wewe, ungekitoa?