Miguu ya Tangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shuleni, pale Chanika mjini Handeni, kabla mlinzi hajafungua geti. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada ya ualimu wa fizikia, na kama wenzangu wengi nilikuwa nasubiri ajira ya serikali huku nikijitolea. Mwalimu wa kujitolea hufundisha kama walimu wengine, ila posho yake hutoka kwenye michango ya wazazi, tena ikipatikana. Nilisimama nje nikijiuliza kama shati langu linafaa, na kama kufika mapema kiasi kile kutaonekana ni kujipendekeza.

Mkuu wa Shule, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alipokea shikamoo yangu akanikabidhi chaki na kipindi cha kidato cha pili, mada ya kani na kanieneo. Nikamwomba siku mbili za kujiandaa.

“Mwalimu,” alisema, “watoto wako darasani sasa hivi. Nenda.”

Nikaenda. Niliandika ubaoni kwamba kani ni msukumo au mvuto, kipimo chake ni nyutoni, na kwamba kanieneo, ambayo mtaani tunaiita presha, ni kani ikigawanywa kwa eneo inapokandamiza. Walinakili kimya. Nilipouliza kama wameelewa wakaitikia wote kwa pamoja, na mwitikio ule ulinitia wasiwasi kuliko kama wangekataa. Nikawauliza presha ni nini kwa maneno yao wenyewe. Msichana mmoja wa nyuma akasema ni ugonjwa wa bibi yake. Darasa lilicheka, lakini jibu lile nilikaa nalo wiki nzima. Hakuwa amekosea. Damu husukuma kuta za mishipa, na kile kitambaa wanachomfunga bibi mkononi kule zahanati hupima msukumo huo. Nilianza kuona kwamba wanafunzi walikuwa na mifano tele, na mimi nilikuwa na maelezo ya ubaoni tu.

Tangu hapo nikawa nachukua mifano yangu njiani. Niliwauliza kwa nini mama akibeba ndoo ya maji huweka kata kichwani, ile khanga iliyosokotwa ikawa duara. Kata haipunguzi uzito wa ndoo hata kidogo. Inachofanya ni kuusambaza uzito uleule kwenye eneo kubwa zaidi la kichwa, na maumivu hupungua. Ukishika ndoo hiyohiyo kwa mpini wa waya mwembamba, kiganja kinakatika. Kani ni moja, eneo ndilo limebadilika. Kisu kilichonolewa kinafanya kazi kwa sababu hiyohiyo. Mwenye bodaboda anayepunguza upepo wa tairi ili apite kwenye tope naye analitandaza tairi likanyage eneo pana, asizame.

Mwaka uliofuata nilihamia Korogwe, shule ya mjini yenye madarasa yaliyofurika. Huko bosi wangu alikuwa Mwalimu wa Taaluma, anayesimamia ratiba na mitihani, naye hakuipenda mifano yangu. Aliniambia mtihani hauulizi habari za ndoo. Siku moja alichungulia darasani nikiwa nimetoboa chupa ya plastiki matundu matatu, moja juu ya jingine, nimeijaza maji. Tundu la juu lilidondosha maji karibu na chupa. La katikati likarusha mbali kidogo. La chini likamfikia suruali.

Alijitazama, kisha akaitazama chupa. “Hilo la chini lina hasira na nani?”

Nikamweleza mbele ya wanafunzi kwamba kadiri unavyokwenda chini ndivyo maji ya juu yanavyoelemea, na kanieneo inaongezeka kwa kina. Ndiyo maana tangi la mji hujengwa mlimani na maji ya bomba la bondeni hutoka kwa kasi. Akasema sawa, ila siku nyingine nitoboe chupa ikiwa imeelekea dirishani.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa shule ndogo ya vijijini, upande wa Mashewa. Hapo ndipo nilipojua kwamba mada hii inaweza kuua mtu.

Wasichana wa hosteli walikuwa wakichota maji mtoni. Wazazi wakachanga wakanunua tangi la lita elfu tano na pampu ya kisima, na mnara wa chuma wenye miguu minne ukachomelewa Korogwe. Jumamosi ikaitishwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu. Fundi alikuwa mzee aliyejenga nyumba nyingi za kijiji kile. Alichimba mashimo manne ya kufika magotini, akasimamisha miguu, akashindilia udongo kuizunguka, kama anavyosimamisha nguzo za nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Vijana wakalipandisha tangi likiwa tupu, na halikutikisika. Kijana mmoja alining’inia kwenye mguu wa mnara akipiga kelele kwamba hata tembo aje. Bomba la kuchotea lilikuwa chini ya mnara, katikati ya miguu. Wasichana wangepanga foleni hapohapo.

Nikaanza kupiga hesabu kichwani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi likijaa ni tani tano. Kila kilo huvutwa chini kwa kani ya karibu nyutoni kumi, jumla nyutoni elfu hamsini. Gawanya kwa miguu minne, kila mguu unabeba zaidi ya tani moja. Na kila mguu ulikanyaga udongo mbichi kwa upana wa kiganja changu. Ni kama kuisimamisha pikapu kwa kiganja kimoja kwenye tope. Nilirudia hesabu nikitamani niwe nimekosea, kisha nikaanza kujiuliza mimi ni nani pale. Fundi alinizidi umri mara mbili na zaidi, posho yangu ilitoka kwa watu walewale waliokuwa wakifuta jasho, na makande yalikuwa tayari jikoni. Nilimwendea Mkuu wa Shule wa pale kwanza, kama utaratibu unavyotaka.

“Una uhakika?” aliniuliza.

“Sina uhakika, mkuu. Nina hesabu.”

Aliutazama mnara. “Basi kamwambie Mwenyekiti hivyohivyo, usiongeze kitu.”

Mwenyekiti wa Bodi ya Shule alikuwa mzee mnene, mfanyabiashara wa mahindi, amekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye baraza. Alinisikiliza, akamwita fundi asikie mwenyewe. Watu wakasogea.

“Mwalimu,” fundi alisema kwa upole, “nyumba nilizosimamisha hapa kijijini, ipi imelala?”

“Hakuna, fundi.”

“Basi nguzo nazijua.”

“Unazijua. Lakini juu ya nguzo zako huwa kuna mabati na popo. Juu ya hizi kutakuwa na tani tano.”

Wengine wakacheka. Mama mmoja akauliza kwa sauti kama mwalimu anaogopa tangi, ndoo tu iliyo kubwa. Mwingine akasema hao ndio wasomi, kazi ikiisha ndipo wanapoamka. Nikamwomba Mwenyekiti, kwa heshima zote, aje na kiti chake mpaka pale udongo ulipolowa. Nilitaka kukaa mimi, lakini alinitazama kuanzia juu mpaka chini akasema mimi sina uzito wa kutolea ushahidi. Kiti kikiwa kitupu kilisimama vizuri, hakikuacha hata alama. Akakaa yeye. Miguu ya nyuma ikadidimia taratibu, upande mmoja kuliko mwingine, mpaka vijana wawili wakamdaka mabega. Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Nikaleta ubao mpana, nikaulaza pembeni kidogo, kwenye tope lilelile, nikaweka kiti juu yake. Akakaa tena. Kiti hakikuzama.

“Kwa hiyo mimi ndiye tangi,” alisema akiwa bado amekaa. Hakuna aliyecheka safari hii, kwa sababu yeye hakucheka. Akamgeukia fundi. “Unasemaje?”

Fundi alikuwa amechuchumaa akitazama mashimo yaliyoachwa na miguu ya kiti. Akaweka kidole kwenye shimo moja. “Teremsheni tangi,” alisema.

Siku hiyo iliisha kwa manung’uniko. Saruji iliyotengwa kwa sakafu ya jiko ikaenda chini ya miguu ya mnara, kila mguu ukapata msingi wake mpana wa mawe na zege, na zege lazima likauke. Wasichana waliendelea kwenda mtoni zaidi ya wiki. Kila nilipowaona wakipita na ndoo nilihesabu upya, na jibu la hesabu halikunipa usingizi mzuri.

Siku ya kujaza maji Mkuu wa Shule aliwazuia wanafunzi wote madarasani. Fundi alichora alama ya mkaa kwenye kila mguu, usawa wa ardhi. Pampu ikaunguruma. Tangi lilipofika nusu, alama moja ilikuwa imeshuka unene wa ukucha.

“Limeshuka,” nikasema.

“Nimeona,” fundi alijibu. “Udongo unakaa sawa. Subiri.”

Tulisubiri, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili. Tangi likajaa mpaka likafurika. Alama haikushuka tena siku hiyo, wala kesho yake, na keshokutwa wasichana wakaruhusiwa kupanga foleni.

Serikali ilipoleta mwalimu wa fizikia wa kuajiriwa, muda wangu wa kujitolea ukaisha. Wanafunzi waliniaga wakiniita mstaafu, na kwa utani huo nimepata ujasiri wa kuwaandikia ninyi mnaoianza mada hii. Nimefikiri sana niwaambie nini. Kanuni yenyewe ni fupi, mtaikariri kwa dakika moja. Kazi ngumu ni kuitoa kinywani mbele ya watu waliochoka, na hapo hakuna anayeweza kuwahakikishia kwamba mko sahihi. Hata leo sijui kama mnara ule ungeanguka. Huenda udongo ungevumilia. Sitajua kamwe, na nimejifunza kukaa na kutojua huko.

Mwezi uliopita nilikutana stendi ya Korogwe na mzazi mmoja wa kule Mashewa, mama aliyebeba mawe ya msingi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za ajira. Kisha akasema, “Ila mwalimu, ulituchosha bure. Tangi lenyewe mbona halijaanguka mpaka leo?”

“Ni kweli, mama,” nikamwambia. “Halijaanguka.”

Nikampokea mzigo wake, nikampandishia kwenye gari.