Tulivyompigia Kura Masalu

Harufu ya mapanki yakikaangwa siivumilii mpaka leo. Kwa msiotoka Mwanza, mapanki ni mifupa ya sangara. Miaka ile ya tisini viwanda vya wawekezaji vilikuwa vimefunguliwa ufukweni, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabakiwa na vichwa na miiba. Katika seminari yetu ya wavulana tuliyala kila Ijumaa, tena kwa shukrani, maana gombera, ndivyo tulivyomwita padre mkuu wa seminari, alisema tumbo lililoshiba halisikii wito.

Ijumaa moja, tukiwa kidato cha pili, tulipomaliza kula kila mmoja alipewa kipande cha karatasi. Ilikuwa desturi ya kila mwaka. Unaandika jina la mwenzako mmoja unayeona hafai kuwa padre, unakunja, unatia kwenye kapu la sadaka. Kuacha wazi ni kosa. "Anayeandika ni Roho Mtakatifu," alisema gombera, "ninyi ni kalamu tu." Kalamu zenyewe zilikuwa na miaka kumi na minne.

Wa kumwandika nilikuwa naye. Deo, kiranja wetu wa bweni, alituchapa kwa waya wa pasi hata ukikohoa saa ya ukimya. Lakini Deo ndiye aliyepitisha kapu, na miandiko yetu yote aliijua. Nikaufyata.

Basi nikamtazama Masalu, rafiki yangu, mtoto wa wakulima wa Sengerema. Nilipougua malaria alinifulia shuka nililolitapikia na hakumwambia mtu. Upadre aliutaka kuliko sisi sote. Mama yake alikuwa ameshamshonea kanzu ya misa, ameitunza sandukuni. Kila mtu alimpenda. Nikajiambia, huyu kura moja itamfanya nini? Nikaandika Masalu.

Jumatatu gombera alisimama mbele yetu akatangaza kwamba karibu darasa zima limemkataa Masalu, na arudi kwao siku hiyohiyo.

Nilimkuta bwenini anakunja godoro. Hakuwa analia.

"Wewe tunalala kitanda kimoja, juu na chini," aliniambia. "Wameona nini kwangu?"

Hapo ningeweza kusema kweli. Nilikuwa na nafasi na muda. Lakini niliogopa asije akanichukia, nikatafuta neno lolote la kumjibu.

"Labda kiburi," nikasema.

Alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Asante kaka. Uniombee."

Mwaka jana tulikutana wanne wa darasa lile kwenye msiba, Mkolani. Mmoja, bia zikiwa zimemwingia, akakiri kwamba alimwandika Masalu, akijua hatapata kura nyingine. Wa pili akaweka glasi chini. Wa tatu akasema na yeye. Ndipo nilipoelewa kwamba bweni zima tulimwogopa Deo, na kila mmoja kwa siri akamtafuta yule ambaye hangelipiza kisasi. Deo hakupata hata kura moja. Ndiye padre aliyetuongozea misa ya mazishi siku ile, na tulimwamkia vizuri tu.

Naona aibu kuyaandika haya. Masalu yupo Sengerema, analima. Wanaomjua wanasema kila Jumapili huketi benchi la nyuma kabisa, na hajapokea Komunyo tangu aondoke seminari. Wakimwuliza sababu, huwajibu kwa upole kwamba bado anapambana na kiburi.